Okidi ya kwenye chungu bado haijaokolewa

Kasa akifugwa kwenye bwawa la saruji hamna mtu atakuja kutuambia kasa wameokoka. Tutauliza bahari yake iko wapi, anataga ufukwe gani, watoto wake wanaenda wapi. Lakini okidi ikikaa kwenye chungu, ikachanua vizuri, ikapigwa picha, tunapongezana na kusema hii sasa haipotei tena, zipo kibao kwenye vitalu. Mimi naona hapo hesabu inapinda, na kupinda kwenyewe kunaigharimu okidi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Nachukua viumbe wawili wa jimbo moja, Sabah, kule Malaysia upande wa kisiwa cha Borneo. Wa kwanza ni kasa ng'amba, yule mwenye mdomo uliochongoka na magamba yaliyopandiana mgongoni, ambaye anataga kwenye visiwa vidogo vilivyo kama kilomita 40 kaskazini mwa mji wa Sandakan, na kati ya visiwa hivyo ng'amba anapenda zaidi Gulisaan. Wa pili ni ua, Paphiopedilum rothschildianum, tuiite tu okidi ya Rothschild, ambayo porini inajulikana kuwepo kwenye miteremko ya mlima Kinabalu na eneo la jirani yake, kwingine duniani hamna. Wote wawili IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imewaweka kwenye ngazi ya hatari ya juu kabisa, ile ambayo ukiivuka unaambiwa porini hayupo tena. Na wote, kwa sehemu kubwa, wameponzwa na uzuri wao.

Ng'amba hasakwi sana kwa ajili ya nyama, kwanza nyama yake wakati mwingine ina sumu na imeshaua watu. Kilichomponza ni gamba, ile rangi ya kahawia na dhahabu iliyochanganyika, inayopashwa moto ikapinda utakavyo na kusuguliwa mpaka ing'ae, ikawa vitana, fremu za miwani, vikasha, bangili. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo baada ya kupekua rekodi za biashara hiyo kuanzia 1844 mpaka 1992, wakakadiria ng'amba karibu milioni 9 waliuawa kwa ajili ya gamba tu. Milioni tisa, kwa mnyama ambaye jike wake anahitaji miaka 20 au zaidi ndio aanze kutaga! Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, ulishampandisha kwenye Kiambatisho cha Kwanza tangu miaka ya 1970, yaani biashara ya kimataifa marufuku, lakini Japani ambayo mafundi wake wa gamba ndio walikuwa wateja wakubwa ilijiwekea pingamizi na kuendelea kununua mpaka mwisho wa 1992. Alafu Cuba ikajaribu mara mbili, mkutano wa Harare 1997 na wa Nairobi 2000, kuomba ruhusa ya kuuza akiba yake ya magamba, mara zote mbili kura hazikutosha.

Okidi ya Rothschild nayo ukiiona mara moja unaelewa kwa nini watu wamevunja sheria kwa ajili yake. Shina moja linabeba maua kadhaa kwa mpigo, kila ua lina petali mbili ndefu zilizonyooka pembeni, mistari ya zambarau iliyokolea juu ya rangi ya krimu na kijani, na chini kifuko kilichotuna. Ilipewa jina la kisayansi mwaka 1888, na mfanyabiashara mkubwa wa okidi wa Uingereza wakati huo, Frederick Sander, akatangaza kwamba imetoka New Guinea. Haikutoka huko. Ilikuwa mbinu ya kuwapoteza washindani, na ilifanya kazi kiasi kwamba kule Kinabalu ilikuja kuonekana tena na wataalamu mwaka 1959. Miaka kama sabini hivi ua hili lilikaa salama kwa sababu ya uongo wa kibiashara, na likaanza kung'olewa vizuri baada ya ukweli kujulikana. Mwaka 1990 jenasi yake yote ikaingia Kiambatisho cha Kwanza, daraja moja na ng'amba.

Mpaka hapo wanafanana sana. Hata kwenye uzazi wana mtindo mmoja, kuzaa wengi na kutegemea wachache. Ng'amba anaacha mayai zaidi ya mia kwenye shimo moja la mchanga na anaweza kurudi mara kadhaa msimu huohuo, alafu anapumzika miaka miwili mitatu. Okidi inamwaga mbegu ndogo mfano wa vumbi, maelfu kwa maelfu kwenye tunda moja, ila mbegu hizo hazina chakula ndani, porini haioti hata moja mpaka ikutane na kuvu wa aina yake kwenye udongo ndio wailishe. Mfaransa Noël Bernard aliligundua hilo mwaka 1899.

Sasa hapa ndio njia zinaachana. Mwaka 1922 Lewis Knudson kule Marekani alionyesha kwamba unaweza kumruka yule kuvu, ukaotesha mbegu za okidi kwenye chupa yenye jeli, sukari na madini, na zikaota. Ugunduzi huo ndio umejenga biashara yote ya okidi tunayoiona leo. Tunda moja la okidi ya Rothschild likichavushwa kwa mkono kwenye kitalu linaweza kutoa miche mingi kuliko mimea yote iliyobaki mlimani, na miche iliyo kwenye chupa, kama wazazi wake walipatikana kihalali, CITES imeipa msamaha inapita mipakani bila vibali vile vizito. Ng'amba hana chupa. Hamna maabara ya kumtengeneza, kilichopo ni kulinda mayai yake mpaka yaanguliwe na kumwachia bahari ifanye kazi yake.

Kwa hiyo mtu anasema, na kiukweli ni hoja ya maana, kwamba basi okidi tumemaliza, tuhamie kwa kasa. Nimeisikia hoja hii kwa watu wanaopenda maua kwa dhati, sio maadui.

Ila hebu tuangalie ile okidi inafanya nini pale mlimani, mana hii ndio sehemu inayonifanya nisiweze kukubali. Mwaka 1985 mtaalamu John Atwood alichapisha alichokiona Kinabalu. Ua hili linachavushwa na nzi wa maua, Dideopsis aegrota. Jike wa nzi huyu kwa kawaida hutaga mayai kwenye kundi la vidukari ili watoto wakianguliwa wakute chakula. Okidi ina kiungo katikati ya ua chenye vinywele na vidoti ambavyo kwa nzi vinaonekana ni vidukari, basi jike anakuja, anataga hapo, anateleza anaingia kwenye kifuko, na njia ya kutokea ni nyembamba inambana mpaka abebe chavua mgongoni, akitoka akidanganywa tena na ua la pili chavua inafika. Watoto wa nzi wanaanguliwa hapo hawakuti kitu, wanakufa njaa. Ni ukatili lakini ni kazi iliyochongwa kwa muda mrefu kupita kawaida, kila nukta ya ua lile imekaa pale kwa sababu ya jicho la nzi mmoja.

Sasa chukua ua hilo uliweke kwenye kitalu Ulaya au Marekani. Nzi hayupo. Kuvu hayupo, jeli imechukua nafasi yake. Mwamba wa Kinabalu wenye madini mazito ambao mimea mingi haiwezi hata kusogelea haupo, kuna magome ya mti na mbolea. Anayechagua ni nani azae na nani ni mtu mwenye brashi, na mtu anachagua petali pana zaidi, rangi kali zaidi, mmea unaokua haraka zaidi, kwa sababu ndio unaoshinda tuzo na ndio unaouzika. Vizazi vikipita hivyo, unabaki na ua zuri sana ambalo jina ni lilelile lakini linazidi kumfuata mnunuzi na kumsahau nzi. Sisemi ni baya. Nasema sio lile lililoandikwa kwenye Orodha Nyekundu, ile orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini, na IUCN wenyewe wanajua hivyo, wao wanapima walio porini tu, iwe mmea iwe mnyama. Ndio maana okidi hii inauzwa kihalali kwenye vitalu na bado iko ngazi ileile ya ng'amba. Wanaochanganya ni sisi tunaosoma.

Kwa kasa kosa hilo hatulifanyi, na wapo waliojaribu kutufanya tulifanye. Visiwa vya Cayman kulianzishwa shamba la kufuga kasa wa kijani mwaka 1968, wakafugwa kwa maelfu, na wenye biashara wakasema ufugaji utawapunguzia mzigo kasa wa baharini. Mkataba wa CITES haukuwafungulia soko la kimataifa. Hoja ilikuwa rahisi, ukishahalalisha gamba na nyama ya shambani, nani atakayejua lipi limetoka baharini? Na mwezi Oktoba 2025 IUCN ilipomtoa kasa wa kijani kwenye kundi la walio hatarini na kumshusha mpaka la wasiwasi mdogo, walioleta ushindi huo ni kasa wanaotaga kwenye fukwe zilizolindwa kwa miongo mingi. Aliyekaa bwawani hakuingia kwenye hesabu na hakuna aliyelalamika.

Naomba nisiwe mkali bila haki. Miche ya chupa imesaidia. Pale Peru mwaka 2002 ilipojulikana okidi kubwa ya zambarau, Phragmipedium kovachii, mmea mmoja ulivushwa mpaka Florida bila vibali, kesi ikafika mahakamani, na wakati huohuo kule porini watu waling'oa kwa magunia. Kilichokuja kupoza soko ni vitalu halali vya Peru kuruhusiwa kuchukua mimea michache ya mbegu na kuotesha. Vietnam hawakupata bahati hiyo, Paphiopedilum vietnamense ilitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1999 na ndani ya miaka michache ikaripotiwa imekombwa. Kwa hiyo kitalu ni ngao, nakubali. Ila ngao ni kwa ajili ya kulinda kitu, na kama mlimani hamna kilichobaki hiyo ngao imelinda nini? Alafu kuna wakusanyaji ambao hawataki ya kitaluni kabisa, wanataka ile iliyong'olewa, yenye kovu la mwamba, na hao mche wa chupa hauwashawishi hata ukiwagawia bure.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ni ngumu kuliko zote, nayo ni ishu ya kujulikana. Kasa anaishi kwa kuonekana. Visiwa vile vya Sandakan vilitangazwa hifadhi mwaka 1977, lakini kisiwa cha Selingan kilianza kuwa na sehemu ya kutotolesha mayai tangu 1966, na leo wageni wanalala kisiwani, wanasubiri usiku mpaka mhifadhi awaite, wanamwona kasa anataga, asubuhi wanarudi bara na pesa yao imebaki. Kadiri wanavyokuja watu, kwa utaratibu na idadi iliyowekwa kikomo, ndivyo ilivyo ngumu kwa mwizi wa mayai kufanya kazi yake. Mwaka 1996 Malaysia na Ufilipino zikakubaliana kuviangalia visiwa vya pande zote mbili kama eneo moja, kwa sababu ng'amba hajui mpaka.

Okidi kinyume chake kabisa. Ukitaja bonde, umeiua. Wataalamu siku hizi wakielezea spishi mpya ya okidi wengi wanaficha mahali ilipopatikana, mana ramani yao inasomwa na mwizi kabla ya mhifadhi. Hifadhi ya Kinabalu ipo tangu 1964, mwaka 2000 ikawa Urithi wa Dunia, maelfu wanapanda mlima wenye mita 4,095, na karibu wote wanashuka bila kuiona okidi hii pale inapoota yenyewe, wanaiona iliyopandwa bustanini. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Lakini matokeo yake ni kwamba kitu ambacho hakionekani hakina watu wa kukililia, ndio hapo bustani inachukua nafasi ya mlima kwenye kichwa cha mgeni, anaondoka akiamini ameiona na ipo salama. Kipande cha hifadhi hiyohiyo kilishamegwa zamani kupisha mgodi wa shaba wa Mamut, uliofanya kazi kuanzia 1975 mpaka 1999. Mmea hauna mapezi ya kuhamia kisiwa cha pili.

Kwenye pesa na sheria pia mmea unaachwa nyuma, na sio Sabah tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya viumbe walio hatarini inamlinda kasa popote atakapokuwa ndani ya mamlaka yake, ila mmea uliomo kwenye orodha ileile ukiota kwenye ardhi ya mtu binafsi mwenye ardhi anaweza kuung'oa, mradi hajavunja sheria ya jimbo lake. Mimea ni zaidi ya nusu ya spishi zilizo kwenye orodha hiyo, na hesabu zilizofanywa miaka ya nyuma zilionyesha inapata chini ya asilimia 5 ya fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanaelimu wawili wa Marekani, Wandersee na Schussler, waliupa jina huu ugonjwa wetu, upofu wa mimea. Mimi ningeongeza kwamba kwa okidi upofu ni wa aina yake, tunaiona sana, tunaishangaa, tunaitaka nyumbani, tusichokiona ni pale ilipotoka.

Wengine wanaitetea okidi kwa kuitafutia faida, kwa sababu kwa kasa njia hiyo inafanya kazi vizuri. Ng'amba anakula sifongo za baharini, zile ngumu zenye vijiti vya kioo ndani ambazo samaki wengi hawazigusi, na akizipunguza matumbawe yanapata nafasi ya kukua, samaki wanafaidi, wavuvi wanafaidi. Hoja nzuri na ya kweli. Okidi ya Rothschild siioni ikishinda kwa hoja hiyo, inamdanganya nzi na kuua watoto wake, hamna mvuvi atakayeishukuru. Na sitaki kuitungia faida. Nzi aliyedanganywa ndio faida yenyewe kwangu, ule uhusiano wa ua, mdudu, kuvu na mwamba upo sehemu moja tu ya dunia, na hauhami kwenda kwenye chungu. Joto la dunia likizidi kupanda ndio tutaelewa vizuri zaidi, kwa kasa tumeshaanza kuona, kwenye fukwe za joto za kaskazini mwa Great Barrier Reef, yale matumbawe makubwa ya Australia, watafiti walikuta mwaka 2018 kasa wachanga wa kijani karibu asilimia 99 ni majike kwa sababu mchanga wa moto unatoa majike. Nzi wa Kinabalu akisogea juu mlimani kufuata ubaridi na ua likabaki chini, hakuna brashi ya kitaluni itakayotuambia.

Mfano unaonipa moyo unatoka Uingereza. Kule okidi yao ya kifuko cha njano, Cypripedium calceolus, ilidhaniwa imekwisha kabisa, mpaka mwaka 1930 ulipopatikana mmea mmoja Yorkshire, ukafichwa na kulindwa kwa miongo mingi, watu wakikesha nao msimu wa maua. Wataalamu wa Kew, bustani ya mimea ya kifalme kule London, wakafanikiwa kuotesha mbegu zake maabara, na kuanzia 1989 miche ikaanza kurudishwa porini. Mtu angeweza kusema siku ile ya kwanza, tayari, imeokoka, tunayo kwenye chupa. Hawakusema. Walisubiri mpaka 2024, ulipoonekana mche ulioota wenyewe kwenye sehemu waliyopanda, bila mkono wa mtu, ndipo wakatangaza kwa furaha. Mche mmoja baada ya miaka 35, na walikuwa na haki kabisa kushangilia huo kuliko ile yote ya maabara.

Ninachotaka kwa okidi ya Rothschild ni hicho tu, na hakihitaji kumnyang'anya ng'amba hata senti. Kasa anahesabiwa kiota kwa kiota, mayai mangapi, yameanguliwa mangapi, jike yupi amerudi. Okidi nayo mafanikio yake yasemwe kwa lugha hiyo, bila kutaja bonde: mashina mangapi yamechanua mwaka huu, mangapi yamefunga tunda bila kuchavushwa na mtu, miche mingapi mipya imeonekana kwenye mwamba, na yule nzi bado yupo? Vitalu vinavyouza jina la Kinabalu duniani kote, na wanunuzi wao ambao najua wengi wanaipenda kwelikweli, wachangie kulipa watu wa kufanya hesabu hiyo na kulinda miteremko yenyewe, kwa kila mche unaouzwa. Na anayeandika kwamba okidi hii ipo salama aweke na takwimu za mlimani, kama hana, asiandike.